Mwalimu Asiyetegemea Bakora: Maelezo juu ya Mafunzo ya Nidhamu katika Skuli za Msingi

Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya mwaka 2011, imeweka wazi kwamba mtoto hatafanyiwa ukatili, hatateswa wala hatapewa adhabu ya kikatili au ya kumdhalilisha. Katika kuitayarisha sheria hiyo watoto wenyewe waliulizwa maoni yao. Sheria hiyo imeondoa hukumu ya viboko kwa mtoto anayefikishwa mahakamani, na mwaka 2015 ilipewa tuzo ya dhahabu mjini Geneva ikiwa miongoni mwa sheria bora duniani za kulinda haki za watoto. Hata hivyo sheria, iwe nzuri namna gani, haimwelezi mwalimu afanye nini saa mbili na nusu za asubuhi akiwa na wanafunzi sabini mbele yake, watatu wamesimama mlangoni kwa kuchelewa, wawili wanapigana nyuma ya darasa, na robo ya darasa haina madaftari. Hapo ndipo mafunzo ya walimu yanapohitajika. Maelezo haya yanakusudiwa kuwafahamisha watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla mafunzo hayo ni ya namna gani, yanamfikishaje mwalimu katika kubadili mwenendo, na kwa nini mahali pengine yamefaulu na mahali pengine hayakufua dafu.

Bakora ina historia ndefu Visiwani. Katika vyuo vya Kur-ani na katika skuli za enzi za ukoloni fimbo ilihesabiwa kuwa ni kifaa cha kazi, sawa na ubao na chaki. Mzazi alimkabidhi mwanawe kwa mwalimu pamoja na idhini ya kumtia adabu, na mtoto aliyerudi nyumbani akilalamika kwamba amepigwa aghalabu aliongezewa. Walimu wengi wa leo ni watoto wa malezi hayo, na si haki kuwahukumu kana kwamba wamelibuni wenyewe jambo walilolirithi. Msemo wa kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye bado unatajwa kila mara jambo hili linapojadiliwa, na watu wanaoutaja huwa wanaitakia skuli mema.

Inafaa pia kuondoa mkanganyiko mmoja. Kanuni za adhabu ya viboko zilizotolewa mwaka 2002 ni za Tanzania Bara, na kwa kuwa elimu ya msingi si jambo la Muungano, kanuni hizo hazitumiki Zanzibar. Lakini zinastahili kutazamwa. Kanuni hizo zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, vipigwe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyepewa idhini ya maandishi, mwanafunzi wa kike apigwe na mwalimu wa kike iwapo yupo skulini, na kila adhabu iandikwe katika daftari maalumu pamoja na sababu yake. Mtu aliyesoma skuli yoyote, ya Bara au ya Visiwani, anajua kwamba vipigo vingi havimo kabisa katika utaratibu wa namna hiyo. Mtoto hupigwa na mwalimu aliyeko zamu kwa kuchelewa, hupigwa na mwalimu wa hesabu kwa kukosa jawabu, hupigwa darasa zima kwa sababu aliyepiga kelele hakujulikana. Hakuna daftari, hakuna idhini, na jioni hakuna anayekumbuka hesabu yake isipokuwa mtoto.

Ukubwa wa jambo hili ulionekana katika uchunguzi wa ukatili dhidi ya watoto uliofanywa mwaka 2009 katika pande zote mbili za Muungano na kutangazwa mwaka 2011. Vijana wa umri wa miaka 13 hadi 24 waliulizwa yaliyowafika walipokuwa wadogo. Kwa upande wa Zanzibar, zaidi ya nusu ya wasichana na zaidi ya nusu ya wavulana walisema walitendewa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18, na walimu walitajwa pamoja na jamaa wa nyumbani miongoni mwa waliowapiga. Si kwamba nchi yetu ilikuwa haijachukua hatua yoyote. Tanzania iliuridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto mwaka 1991, na Ibara ya 28 ya Mkataba huo inataka nidhamu ya skuli itunze heshima ya mtoto. Zanzibar nayo ilikwishaanza, katika muongo wa kwanza wa miaka ya 2000, kuzijaribu njia mbadala za adhabu katika baadhi ya skuli zake, ikisaidiwa na Shirika la Save the Children. Pengo kati ya waraka na darasa ndilo lililobaki, na ndilo linalozibwa na mafunzo.

Kwa nini mwalimu hupiga? Jawabu la kwanza linalotolewa na walimu wenyewe ni wingi wa wanafunzi. Skuli nyingi za mijini huingiza mikondo miwili, wa asubuhi na wa mchana, na mwalimu ana dakika chache za kumaliza somo kabla ya darasa jingine kuingia. Fimbo hunyamazisha papo hapo. Hakuna njia nyingine inayofanya kazi kwa haraka hiyo, na ukweli huo lazima ukubaliwe tangu mwanzo wa mafunzo, la sivyo walimu watamsikiliza mkufunzi kwa adabu na kurudi skuli kufanya yale yale. Jawabu la pili ni kwamba katika vyuo vya ualimu walifundishwa namna ya kutayarisha somo na namna ya kutunga mtihani, lakini namna ya kuliongoza darasa liliachwa walijifunze kazini, kutoka kwa walimu waliowatangulia. Jawabu la tatu hutolewa kwa sauti ya chini zaidi, nalo ni hasira: mshahara, safari ndefu ya dala dala, ugonjwa nyumbani, na mtoto wa arubaini na tano anayeuliza swali lile lile.

Madhara yake kwa masomo hayaonekani haraka kama ukimya wake. Mtoto anayejua kwamba jawabu baya litamletea fimbo huacha kujibu. Mwalimu huona darasa tulivu na kudhani somo limeeleweka, kumbe wasioelewa wamejifunza kujificha. Mtoto aliyechelewa na kujua kinachomngoja getini hugeuza njia, na siku moja ya kuchelewa ikawa siku nzima ya utoro. Mwalimu naye hupoteza kitu: kila anapoitumia fimbo, amri yake bila ya fimbo hupungua nguvu, mpaka darasa likawa halitulii kwa neno lake ila kwa mkono wake.

Mafunzo yanayofuata njia iliyokwisha kujaribiwa hayaanzi na vifungu vya sheria. Huanza kwa kuwataka walimu wakumbuke siku zao za skuli: nani aliwapiga, kwa kosa gani, na walijifunza nini siku ile. Wakufunzi wanalifahamu vyema jambo linalojitokeza hapo. Wengi huikumbuka fimbo waziwazi na kosa wamelisahau. Wapo pia wasemao kwamba fimbo ndiyo iliyowafikisha walipo, na watu hao wasipuuzwe, bali waulizwe habari za wenzao waliokaa nao dawati moja wakaacha skuli. Baada ya hapo ndipo huelezwa namna hofu inavyoathiri akili ya mtoto, na huelezwa kwa lugha ya kawaida.

Sehemu kubwa ya siku za mafunzo hutumiwa kwa mazoezi, na hapa ndipo mafunzo mazuri yanapotofautiana na warsha ya kusomewa makaratasi. Mwalimu hutakiwa asimame mbele ya wenzake wanaojifanya wanafunzi, aanze kipindi, na ashughulikie kelele zao bila ya fimbo wala matusi. Hujifunza kuweka kanuni chache za darasa, nne au tano, zinazosema lifanywe nini badala ya lisifanywe nini, na kuzitunga pamoja na wanafunzi ili kila mmoja ajue amekubali. Hujifunza kuwa na taratibu za kila siku: namna ya kuingia, namna ya kukusanya madaftari, ishara moja ya kutaka ukimya isiyobadilika. Mambo hayo yanaonekana madogo, lakini makosa mengi yanayoadhibiwa katika madarasa makubwa huzaliwa katika dakika za mpito, wakati watoto hawajui wafanye nini. Hujifunza kusogea karibu na mtoto anayecheza na kulitaja jina lake kwa sauti ya chini badala ya kumpigia ukelele kutoka mbele. Hujifunza kusifu kwa kutaja jambo lenyewe: si "vizuri" tu, bali "umeandika safu zako zikanyooka". Sifa ya namna hii haigharimu chochote, na ni ajabu kiasi gani imekuwa adimu.

Adhabu haiondolewi. Jambo hili halina budi kukaririwa kwa sababu ndilo linalofahamika vibaya zaidi miongoni mwa wazazi. Kinachotakiwa ni adhabu ilingane na kosa na imfundishe mtoto kulirekebisha: aliyechafua ukuta ausafishe, aliyemtukana mwenzake amwombe radhi na akae mbali naye kwa muda, asiyefanya kazi ya nyumbani aifanye wakati wa mapumziko akiwa chini ya uangalizi. Mafunzo yaliyo kamili pia hutaja waziwazi adhabu ambazo zimechukua nafasi ya bakora pale ilipokatazwa kwa maneno tu: kupigishwa magoti juani, kurushwa kichura, kushikishwa masikio, kuitwa mjinga mbele ya wenzake. Skuli iliyoiweka bakora kabatini na kuyaendeleza haya haijabadilika.

Zoezi lenye manufaa makubwa kwa mazingira ya Unguja na Pemba ni lile la kutafuta sababu kabla ya hukumu. Mwalimu hupewa kisa cha mtoto anayechelewa au kukosa skuli, kisha huulizwa amechunguza nini. Katika vijiji vya pwani ya mashariki ya Unguja maji ya bamvua yakitoka asubuhi, familia huenda kwenye mashamba ya mwani, na mtoto hubaki na wadogo zake au huenda kusaidia. Kisiwani Pemba msimu wa karafuu huwavuta watoto mashambani. Mtoto anayesinzia huenda hakula tangu jana. Anayeonekana mkaidi kwa kutofuata anachoambiwa huenda hasikii vizuri au haoni ubaoni, na fimbo haijapata kumponya mtu sikio. Wapo pia watoto wanaofanyiwa udhalilishaji nyumbani au njiani, na dalili yake ya kwanza skulini ni utundu au ukimya uliozidi. Mwalimu anayepiga haambiwi siri. Hilo peke yake linatosha kulifanya jambo hili lihusu ofisi nyingine zaidi ya zile za elimu.

Mwisho huja suala la hasira ya mwalimu mwenyewe. Walimu hufundishwa kuzitambua alama zake mwilini, kurudi nyuma hatua mbili, kuahirisha adhabu mpaka mwisho wa kipindi, na kumwomba mwenzake wa darasa la pili ashike nafasi yake kwa dakika tano. Baadhi ya walimu hulicheka zoezi hili mwanzoni.

Je, mafunzo haya yanaleta tofauti inayoweza kupimwa? Ushahidi wa Afrika Mashariki upo. Nchini Uganda, skuli 42 za msingi za wilaya ya Luwero ziligawiwa kwa kura katika makundi mawili. Kundi moja lilifuata kwa miezi 18 programu iitwayo Good School Toolkit ya shirika la Raising Voices, na kundi la pili lilingoja. Mwaka 2014 wanafunzi waliulizwa kama walitendewa ukatili wa kimwili na mwalimu au mfanyakazi mwingine wa skuli katika wiki iliyopita. Katika skuli zilizongoja asilimia 49 walisema ndiyo. Katika skuli zilizofuata programu ilikuwa asilimia 31. Huko ni kupungua kukubwa, na pia ni ukumbusho kwamba hata pale palipofanikiwa karibu mtoto mmoja kati ya kila watatu alikuwa amepigwa wiki ile ile. Tanzania Bara, watafiti wa Kitanzania na wa Kijerumani waliwapa walimu wa skuli za sekondari za umma mafunzo ya siku tano na nusu juu ya mahusiano ya mwalimu na mwanafunzi, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionesha kwamba vipigo vilipungua, si kwa kauli ya walimu tu bali kwa kauli ya wanafunzi pia.

Yupo mfano mwingine ambao haupendi kutajwa katika mikutano, na kwa hiyo unatajwa hapa. Katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, skuli 27 za msingi na za sekondari zilishiriki katika jaribio la programu iitwayo EmpaTeach. Walimu walikutana katika vikundi vyao wenyewe kwa muda wa wiki kumi hivi, wakiongozwa na wenzao waliochaguliwa, wakafanya mazoezi ya kuzuia hasira na kupanga darasa. Matokeo yalitangazwa mwaka 2021: hapakuonekana tofauti yoyote kati ya skuli zilizopata mafunzo na zile zisizopata. Mazoezi yenyewe hayakuwa mabaya. Mengi yanafanana na yaliyoelezwa juu. Lakini ukiilinganisha Luwero na Nyarugusu unaona kwamba Luwero mwalimu hakuachwa peke yake. Mwalimu mkuu, wanafunzi, kamati na wazazi waliingizwa katika kazi hiyo, muda ulikuwa mrefu, na watu wa programu walirudi mara kwa mara. Nyarugusu mwalimu mmoja mmoja alitakiwa abadilike ndani ya skuli ambayo haikubadilika, katika hali ngumu ya maisha ya kambini.

Kwa Zanzibar, funzo la kiutumishi linalotokana na hayo ni kwamba fedha zisimalizwe katika ufunguzi. Siku tano za ukumbini zina kazi yake, lakini mwalimu huyumba mnamo wiki ya pili au ya tatu baada ya kurudi skuli, wakati watoto wameshagundua kwamba bakora haipo na wanapima mipaka. Katika kipindi hicho darasa huwa na kelele zaidi kuliko zamani. Mwalimu mkuu asiyeelezwa mapema kwamba hali hiyo ni ya kupita ataiona kuwa ni ushahidi wa kushindwa, na atampa mwalimu wake fimbo kwa mkono wake mwenyewe. Ni bora walimu wakuu wafunzwe kabla ya walimu wa madarasa, au pamoja nao, kuliko baada yao. Visiwa hivi vina bahati ya kuwa na vituo vya walimu katika wilaya, kama vile Dunga, Kitogani na Michakaini, ambavyo tangu zamani walimu wamekuwa wakikutana humo kwa masomo ya hesabu na lugha. Mkutano wa saa mbili kila mwezi katika kituo kilicho karibu, walimu wakielezana kilichowashinda, una thamani kuliko warsha ya pili ya mjini.

Wakaguzi wa elimu nao wana sehemu yao. Mkaguzi akitazama maazimio ya kazi na madaftari ya masomo tu, mwalimu atafahamu kwamba nidhamu si jambo linalopimwa. Akiomba kuona kumbukumbu za makosa na hatua zilizochukuliwa, na akazungumza na watoto wachache bila ya mwalimu kuwepo, picha itakuwa nyingine. Swali la wiki iliyopita lililotumiwa Luwero ni rahisi na linafaa kuigwa, kwa sababu mtoto hukumbuka wiki moja vizuri zaidi kuliko mwaka.

Wazazi na walezi wana haki ya kujua kanuni za skuli anayosoma mtoto wao na wana haki ya kuuliza katika mikutano ya kamati ya skuli ni hatua gani zinazochukuliwa mtoto anapokosa. Sheria ya Mtoto inamruhusu mzazi kumrekebisha mwanawe kwa namna isiyomdhuru mwili wala akili, na mzazi anayempeleka mtoto skuli na kumwambia mwalimu "mpige huyu, nimeshindwa naye" anamweka mwalimu huyo katika hatari ya kisheria. Mazungumzo yanayofaa ni ya aina nyingine: mtoto analala saa ngapi, nani anamsimamia kazi za skuli, ana rafiki gani. Mtoto aliyejeruhiwa apelekwe hospitali kwanza. Vituo vya Mkono kwa Mkono, ambavyo cha kwanza kilifunguliwa katika Hospitali ya Mnazi Mmoja mwaka 2011, vimewekwa ili waliofanyiwa ukatili wahudumiwe na daktari, polisi na ustawi wa jamii mahali pamoja. Taarifa huweza kupelekwa pia kwa sheha, kwa afisa wa ustawi wa jamii wa wilaya, au kwa simu ya msaada kwa mtoto, nambari 116.

Limebaki suala la vyuo vya Kur-ani, ambavyo watoto wengi wa skuli za msingi huhudhuria katika saa zisizo za skuli. Mtoto anayefundishwa kwa upole asubuhi na kwa mkwaju alasiri hupata mafunzo mawili yanayopingana, na mwalimu wa skuli hulaumiwa kwa udhaifu. Walimu wa vyuo hawamo katika orodha ya mishahara ya wizara na hawawezi kuitwa kwa waraka. Hufikiwa kupitia masheha, kamati za misikiti na wazazi wenye watoto pale, na wengi wao wanaishi mtaa mmoja na mwalimu mkuu wa skuli ya shehia. Kuwaalika katika siku ya kwanza ya mafunzo, ile ya kukumbuka, hakuongezi gharama ila ya viti.